Mjadala: Setilaiti ya Swift inyanyuliwe au iachwe ianguke?

Mtoa mada: Wakuu, Swift ya NASA inawinda milipuko ya miale ya gama, yaani mimweko mifupi na mikali ya mionzi kutoka anga za mbali, tangu Novemba 2004. Haina injini ya kujisukuma. Ilianza kilomita 600 hivi juu ya Dunia, lakini jua limechachamaa, angahewa ya juu imevimba, na msuguano unaishusha kwa kasi. Mwaka 2025 NASA iliipa kampuni ya Katalyst mkataba wa dola milioni 30 ili roboti ikaikamate na kuipandisha. Mimi naunga mkono. Miale ya gama haipenyi angahewa, kwa hiyo jicho lazima liwe juu, na mlipuko wenyewe hausubiri mtu: mwingine haufikishi hata sekunde mbili. Swift ikiunusa, hujigeuza yenyewe ndani ya dakika moja na ushee, darubini zake zikatazama palepale. Ndivyo ilivyonasa, Aprili 2009, mlipuko ambao mwanga wake ulisafiri miaka bilioni 13.

Mchangiaji 1: Umetaja sifa, hatari umeiruka. Swift haikuundwa ije ishikwe na chombo kingine. Unaing'ang'ania wapi? Na Uchina na Ufaransa walisharusha setilaiti ya SVOM Juni 2024, kazi yake ni hiyohiyo. Milioni 30 za walipa kodi kwa kikongwe cha miaka ishirini, hapana.

Mchangiaji 2: Kikongwe chenye macho mazima! Setilaiti mpya ya aina hiyo hupati kwa milioni 30, hata ukibembeleza. Halafu tukumbuke historia. Setilaiti ya NASA ya Compton ilirushwa 1991, ikahesabu milipuko zaidi ya 1,000, na bado mwaka 1995 wanaastronomia walikutana Washington kubishana kama milipuko hiyo inatoka jirani na galaksi yetu au mbali kabisa. Kilichokata mzizi wa fitina ni setilaiti ya BeppoSAX ya Waitalia na Waholanzi: Februari 28, 1997 iliuwahi mwanga unaofifia baada ya mlipuko, na miezi michache baadaye umbali wa mlipuko mwingine ukapimwa. Mabilioni ya miaka ya mwanga. Kuhesabu tu hakukutosha, ilibidi kuwahi.

Mchangiaji 3: Kuwahi, sawa. Lakini Agosti 17, 2017, nyota mbili za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizokufa) zilipogongana, aliyeona miale ya gama sekunde 1.7 baada ya mawimbi ya mvutano, ile mitikisiko ya anga-wakati iliyotokana na mgongano huo, ni setilaiti ya NASA ya Fermi, na INTEGRAL ya Ulaya ikathibitisha. Swift ilikuwa imezibwa na Dunia. Hela hiyo ningeiweka kwenye visetilaiti vidogo vingi vinavyozunguka pande zote.

Mtoa mada: Hapo umenibana kidogo, nakubali. Ila INTEGRAL uliyoitaja iliacha kuchunguza anga Februari 2025, Fermi nayo iko juu tangu 2008. Vidogo vingi navitaka pia, lakini kisetilaiti cha ukubwa wa sanduku hakibebi darubini ya eksirei kama ya Swift. Kitakwambia mlipuko umetokea upande ule. Nani atageuka kwenda kuutazama?

Mchangiaji 1: SVOM. Nimeshasema.

Mtoa mada: Na siku Dunia ikiiziba SVOM?