Besimenti Kariakoo: zana zinashika kutu masika, nataka kuzipasha joto kwa bei nafuu

Seremala_Kkoo
Habari za jioni wakuu. Karakana ipo besimenti, mita 4 kwa 6, dirisha moja dogo usawa wa barabara. Masika yakianza, randa na patasi zinashika kutu ndani ya siku tatu hata zikifutwa vizuri. Meza ya msumeno wa umeme, ya chuma cha kusubu, ikifika saa nne asubuhi unaikuta imelowa kabisa. Kabati la zana ni la bati, urefu sm 180, upana 90, kina 45. Bajeti isizidi elfu sitini. Kati ya jiko la mkaa kwa muda wa saa moja kila jioni na hita ya feni ya wati 2000 dakika chache asubuhi, ipi inafaa?

BabaVyuma
Hakuna inayofaa, mkuu. Mkaa besimenti yenye dirisha moja ni kaboni monoksaidi, ile isiyo na harufu inayoua watu wanaolala na jiko ndani. Na asije mtu akakwambia ubadilishe uweke la gesi au mafuta ya taa: kilo moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa maji zaidi ya lita moja, gesi karibu lita moja na nusu. Yote yanaishia kwenye hewa ya chumba hicho hicho.

Hita ya feni inapasha hewa, chuma kinabaki na ubaridi wake.

Elewa kwanza kwa nini meza inalowa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida Dar wakati wa masika, inaanza kuacha umande juu ya kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka. Chuma kizito kimelala besimenti usiku kucha kikiwa na 25. Unafungua mlango asubuhi, joto la nje linaingia, kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo achana na kupasha chumba. Pasha chuma, kiwe juu ya hewa inayokizunguka kwa nyuzi 4 au 5 muda wote. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa 80 ukiipandisha hadi 33, unyevu unashuka hadi kama 60 bila kuondoa hata tone la maji. Hapo kutu inapunguza kasi sana.

Kwa kabati lako wati 40 zinatosha, kwa sharti moja. Bati tupu linavujisha joto lote. Wati 40 zitakupa nyuzi moja na nusu tu, hujafanya kitu. Livishe ndani stairofomu ya sm 2.5, ile nyeupe inayofungiwa TV, pande zote pamoja na mlango, kisha funika stairofomu kwa plaiwudi nyembamba. Kwa hesabu unapata nyuzi 6 au 7, lakini mlango haukosi kuvuja, weka 5. Usitumie godoro la foma. Linanyonya unyevu na linashika moto upesi.

Toboa matundu mawili ya mm 10 chini na mawili juu, mvuke wa mbao za mipini upate pa kutokea. Rafu ziwe za wavu au mbao zenye nafasi. Rafu ya bati zima inakatisha joto njiani, zana za juu zinabaki baridi.

Mama_Randa
Mbona mnamchosha. Aweke bakuli la chumvi ya mawe na vipande vya mkaa ndani ya kabati, gharama buku.

BabaVyuma
Dada, chumvi inaanza kuvuta maji unyevu ukipita 75, inayeyuka, na tone moja la maji hayo likigusa patasi limeichimba. Mkaa unashika harufu kuliko maji. Silika jeli sawa, ila kwenye boksi dogo linalofunga vizuri, na lazima uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kama saa mbili kila ikichoka. Kabati linalofunguliwa mara ishirini kwa siku itachoka kabla ya wiki.

Fundi_Umeme_Temeke
Upande wa umeme: zinatakiwa globu za zamani, zenye uzi mwembamba unaowaka ndani, LED haina joto la kukusaidia. Usifunge moja ya wati 40 peke yake. Ikiungua Ijumaa utajua Jumatatu zana zikiwa nyekundu. Chukua mbili za wati 60, zifunge mfululizo, yaani waya wa moto uingie globu ya kwanza, utoke uingie ya pili, ndipo urudi nyutro. Kila moja inapata volti 115 badala ya 230. Zitawaka hafifu, rangi ya chungwa, jumla kama wati 40. Kwa volti nusu globu inadumu miaka. Wengi wanakosea hapa: wanapiga hesabu ya wati 30, kumbe ule uzi ukiwa haujapata moto sana ukinzani wake unapungua.

Holda ziwe za kauri, za plastiki zinalegea. Zifunge juu ya kigae sakafuni mwa kabati, zizungushie wavu wa chuma, sm 15 kutoka kwenye kitu chochote. Waya wa nyaya tatu, mm 1.5, ethi (waya wa ardhini) ifungwe kwa boliti kwenye bati lenyewe baada ya kukwangua rangi. Fyuzi ya plagi iwe ya ampia 3, usiache ile ya 13. Soketi ikae mita moja juu ya sakafu, mvua za Kariakoo unazijua, na ipitie RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja. Hii ya mwisho ndiyo itakayokula bajeti yako, usiiruke.

Seremala_Kkoo
Shukrani sana wakuu. Maswali: LUKU itakula kiasi gani, na je, naweza kuzima usiku? Meza ya msumeno haiingii kabatini, hiyo nifanyeje?

Fundi_Umeme_Temeke
Wati 40 saa 24 ni uniti 0.96, kama 29 kwa mwezi. Kama mita yako ipo kwenye ile bei nafuu ya chini ya uniti 75, piga hesabu usije ukavuka. Usizime usiku. Chuma kinapoa, asubuhi hewa inapata joto haraka kuliko chenyewe, umande unarudi saa ile ile uliyoitaja.

BabaVyuma
Meza: ipake mafuta ya cherehani, kitambaa chepesi tu. Oili chafu ya gari usiiguse, ina asidi. Juu yake blanketi, kisha turubai lishuke hadi sm 20 juu ya sakafu. Ukilifikisha chini linakusanya mvuke wa zege. Ndani ya kitako cha msumeno globu iko karibu mno na vumbi la mbao, kwa hiyo tumia rizista, kifaa kinachogeuza umeme kuwa joto bila kuwaka, ya ganda la alumini, kilo-omu 2.2, ya wati 100. Kwenye 230 inatoa wati 24. Ifunge kwa boliti upande wa chini wa meza, paka grisi ya kupitisha joto katikati, meza yenyewe isambaze moto. Miguu ya umeme ya rizista ifunikwe kabisa, na ethi ifike kwenye meza.

Kabla hujanunua chochote, bandika naironi ya sm 50 kwa 50 ukutani kwa utepe wa gundi ya karatasi, pande zote nne, saa 24. Halafu utuambie maji yako upande gani.

Seremala_Kkoo
Majibu ya naironi: nje pakavu, upande wa ukutani imelowa chapachapa.

BabaVyuma
Basi ukuta unavuja kutoka ardhini, na globu peke yake haitashinda hiyo. Vuta kabati sm 10 kutoka ukutani, linyanyue kwa matofali mawili, na tandika naironi nzito chini yake. Ukuta wenyewe kwangua rangi ya mafuta iliyobabuka, piga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, ianzie sakafuni hadi mita moja na nusu. Mchana wa masika dirisha lifungwe. Nunua kipima unyevu, ila kijaribu kwanza: kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa ikawa uji mzito, ndani ya mfuko uliofungwa pamoja na kipima, kwa muda wa saa 12. Kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 68, basi kila unachokiona kabatini ongeza 7.