Gauni lililoshonwa mara tatu

*Kikundi: UKOO WETU 🧵*

Dada (Delaware): Shikamooni. Nasafisha simu, nimekuta picha za makumbusho ya Winterthur, 2023. Shangazi, hizi zako.
[Picha 3]

Shangazi Fundi: Marahaba mwanangu. Si la harusi ya Jackie Kennedy hilo, yule mke wa Rais Kennedy wa Marekani?

Dada: Ndilo, ila hii nakala. Lenyewe liko maktaba ya Kennedy, Boston, limechoka mno, halitundikwi. Katya Roelse, mwalimu wa mitindo Chuo Kikuu cha Delaware, ndiye alishona hili kwa maonyesho ya Ann Lowe.

Kaka: Ann Lowe ndo nani?

Shangazi Fundi: Si fundi wa gauni? Soma.

Dada: Mama mweusi wa Alabama. Bibi yake fundi, mama yake fundi. Mama yake alifariki 1914 akaacha magauni ya mke wa gavana hayajaisha, Ann akayamalizia.

Mama: Kama wewe wifi ulivyorithi cherehani.

Shangazi Fundi: Nilirithi na madeni ya wateja 😂 Kitambaa gani hicho? Kimesimama kama tafeta.

Dada: Tafeta ya hariri. Yadi 50.

Shangazi Fundi: Gauni MOJA? Hapo mimi navisha kwaya nzima na mchungaji juu.

Dada: Subiri. Siku 10 kabla ya harusi, Septemba 1953, bomba la maji likapasuka chumba cha kushonea. La bibi harusi likaharibika, na mengi ya wapambe.

Shangazi Fundi: Weee! Akawaambia?

Dada: Kimya. Alinunua vitambaa upya, wakakesha. Alitegemea faida dola 700, akala hasara dola 2,200.

Kaka: Si angeomba nyongeza?

Shangazi Fundi: Wewe wa mshahara tulia. Ukisema bomba limepasuka, kesho mji mzima unajua fundi fulani anaharibu vitambaa. Mwaka ule bati langu lilivuja juu ya satini ya watu, nililia chooni, nikatoka natabasamu, nikaenda kununua nyingine. Mpaka leo mwenyewe hajui.

Mama: Kumbe! Ndo maana ulikopa kwangu.

Shangazi Fundi: Ndo leo umejua.

Dada: Na alipoyapeleka Newport, kwenye harusi, mlangoni wakamwambia azunguke nyuma, kwa watumishi. Akasema akipitia nyuma, hakuna atakayevaa gauni lake siku hiyo. Akapita mbele.

Mama: 👏🏾👏🏾👏🏾

Kaka: Angalau magazeti yakamtaja.

Dada: Mengi yalieleza gauni mpaka yadi zake. Jina la fundi, hola.

Shangazi Fundi: Kwa hiyo limeshonwa mara tatu, kabla ya maji, baada ya maji, na la huyu mwalimu. Sasa mbona picha zote za mbele? Kiunoni kwa ndani limekazwaje?

Dada: Shangazi, limevishwa sanamu! Ningefunua, mlinzi angenitoa nje.

Shangazi Fundi: Basi mwandikie mwalimu, yeye ameuona upande wa ndani. Muulize yale marinda ya mviringo alianzia kati au pembeni. Na kaka yako aje achukue suruali yake, huu mwezi wa tatu haijalipiwa.

Kaka: 🏃🏾‍♂️