Mjadala: Je, bunduki za leo zingebadilisha matokeo ya Mahenge, 1905?

MTOA MADA

Ndugu washiriki, kila yanapotajwa mapigano ya Mahenge ya tarehe 30 Agosti 1905, haliachi kuzuka swali lile lile: ingekuwaje kama mtu wa leo angeweza kurudi nyuma na kuwapelekea wapiganaji wa Maji Maji, waliouasi utawala wa Wajerumani kusini mwa Tanganyika, shehena ya silaha za kisasa? Wengi hulijibu kwa haraka. Maelfu ya watu walilivamia boma la Wajerumani wakiwa na mikuki, mishale na magobore, wakaangushwa na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Basi, husemwa, wangepelekewa Kalashnikov elfu moja na Wajerumani wangefungasha virago. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na ninaliweka hapa lijadiliwe, kwa kuwa naamini jaribio la namna hiyo lilikwisha kufanyika katika ardhi yetu bila ya mashine yoyote ya kusafiria wakati, na matokeo yake yanajulikana.

Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliuvizia msafara wa Emil von Zelewski, yule ambaye watu walimpa jina la Nyundo. Msafara ulikuwa na askari zaidi ya mia tatu, wapagazi na silaha nzito zilizofungwa juu ya punda, na ulikuwa umenyooka katika mstari mrefu kwenye njia nyembamba. Silaha nzito zilizo mgongoni mwa punda hazimsaidii mtu ambaye mkuki umekwisha kumfikia. Kwa muda mfupi Zelewski mwenyewe alikuwa ameuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na Wahehe walirudi na bunduki zipatazo mia tatu pamoja na mizinga. Hizo zilikuwa silaha za kisasa kabisa za wakati ule, na zilikuwa mikononi mwa watu hodari ambao wametoka kushinda. Miaka mitatu na miezi michache baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Gavana Friedrich von Schele aliuvunja ukuta wa Kalenga, makao makuu ya Mkwawa, na ile ngome ya mawe iliyojengwa kwa jasho la watu wengi ilianguka.

Kwa nini silaha zilizotekwa hazikuiokoa Kalenga? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu bunduki ni sehemu ndogo tu ya jeshi la bunduki. Nyuma yake kuna kiwanda cha risasi, meli ya kuzileta, fundi wa kutengeneza kilichoharibika, na miezi ya mazoezi ambayo humfanya askari asimalize risasi zake kwa hofu. Wahehe walikuwa na jeshi la mkuki lililokamilika, lililojua kuvizia, kukimbia kwa pamoja na kumaliza kazi kabla adui hajajipanga. Walipojifungia nyuma ya ukuta wakisubiri kushambuliwa, walimpa Mjerumani vita anavyovitaka yeye, kwa maana mizinga ilitengenezwa kwa ajili ya kuta. Mkwawa mwenyewe alilielewa hilo baadaye, akapigana vita vya msituni hadi alipojiua mwezi Julai 1898.

Sasa tuzichukue hizo Kalashnikov elfu moja tuzifikishe Mahenge. Bunduki hiyo ikiachiwa mfululizo humaliza magazini ya risasi 30 kwa sekunde tatu hivi. Risasi moja ina uzito wa gramu 16 au zaidi kidogo; tukitoa risasi mia mbili kwa kila mtu tunapata risasi laki mbili, zenye uzito wa tani tatu na ushei, yaani mizigo ya wapagazi zaidi ya mia moja. Mtu asiyefunzwa atazimaliza zake katika asubuhi moja. Baada ya hapo hata maghala ya adui hayatamsaidia, kwa kuwa bunduki za Mauser walizobeba askari wengi wa Kijerumani zilitumia risasi za milimita 11, ambazo haziingii katika mtutu wa milimita 7.62. Kuhusu droni sisemi mengi: zile ndogo za kawaida betri yake huisha kwa kiasi cha nusu saa, na mwaka 1905 hakuna setilaiti hata moja angani ya kuielekeza.

Wala Mahenge haikuwa vita vyenyewe. Vita viliendelea hadi 1907, na kilichovimaliza hasa ni njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala ya nafaka kwa makusudi. Serikali yao yenyewe ilikadiria vifo kuwa 75,000, na wanahistoria wengi wa baadaye wanataja idadi kubwa mara mbili, tatu au zaidi ya hiyo. Ni bunduki gani ya kisasa inayozuia ghala lisiungue usiku, katika nchi yenye ukubwa ule?

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, nakushukuru kwa hesabu zako, ila naona umechagua mfano unaokufaa na kuuacha usiokufaa. Tarehe 1 Machi 1896, huko Adwa, Mfalme Menelik wa Ethiopia alilishinda jeshi la Italia, na hakulishinda kwa mikuki peke yake. Alikuwa amenunua na kukusanya bunduki za Ulaya kwa miaka mingi, nyingine akiwa amezipata kwa Waitalia wenyewe wakati wa urafiki wao. Ethiopia ilibaki huru. Hatuwezi basi kusema kwamba silaha hazikubadilisha lolote.

Pili, unazungumza kana kwamba kila mpiganaji lazima apewe bunduki. Boma la Mahenge lililindwa na kikosi kidogo, na nguvu yake yote ilikuwa katika bombomu zake. Walenga shabaha ishirini waliofunzwa kwa miezi miwili, wakijificha mita mia nne kutoka bomani, wangewaondoa wapigaji wa bombomu mmoja baada ya mwingine, na Wambunga na Wapogoro waliokuwa wakisonga mbele wangeufikia ukuta wakiwa hai. Hapo hatuhitaji tani tatu za risasi. Aidha, watu wasingelazimika kutegemea ile dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga na risasi, ambayo haikuweza kuzuia kitu.

MTOA MADA

Ndugu yangu, la walenga shabaha ishirini nalikubali: boma lingeweza kuanguka. Lakini Lugalo nayo ilikuwa ushindi kamili, na Ujerumani ilirudi. Mwaka 1905 Gavana von Götzen aliomba msaada, na manowari zikaletwa pamoja na wanamaji wake. Boma moja likianguka bara, idadi ya meli zinazotia nanga Dar es Salaam ingeongezeka tu.

Adwa naiona iko upande wangu. Menelik alikuwa na dola, kodi, ghala za chakula, muda wa miaka, na kalamu ya kuandikiana na wafalme wa Ulaya. Bunduki zilimkuta mtu aliyekwisha kuwa na kila kitu kingine. Kusini mwa Tanganyika ya 1905 bunduki hizo zingekabidhiwa nani? Wahehe waliowatisha Wajerumani 1891 safari hii hawakujiunga, na Kapteni Nigmann alipotoka Iringa kwenda kuiokoa Mahenge alikuwa na Wahehe katika kikosi chake. Kiwanga, mtawala wa Ulanga, naye alikuwa upande wa Wajerumani. Kila shehena utakayoishusha itaangukia katika uhasama uliokuwapo kabla ya Wajerumani kufika.

Lililo kubwa zaidi ni hilo la maji, ambalo umelipita kwa sentensi moja. Unadhani Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni walikusanywa na nini? Hawakuwa na mfalme mmoja wala mkutano mmoja. Walikusanywa na neno la Kinjikitile wa Ngarambe, mganga aliyeieneza dawa hiyo, lililopelekwa kijiji kwa kijiji na wajumbe walioitwa hongo, pamoja na chuki ya mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Maji hayakuzuia risasi, hilo tunalijua, lakini yaliwafanya watu wasiojuana wasimame mstari mmoja, jambo ambalo hakuna bunduki iliyowahi kulifanya. Ukimwambia Mpogoro kwamba kinga haina kazi, chukua chuma hiki badala yake, huenda umempa silaha na kumnyima sababu ya kumwamini jirani yake. Na kama silaha zako zitafika pamoja na maji, basi ushindi wa kwanza utahesabiwa kuwa wa maji, na watu watazikimbilia bombomu zinazofuata wakiwa na imani kubwa zaidi.

MCHANGIAJI WA PILI

Nimewasoma nyote wawili, na ninadhani mnabishania kifaa kisicho chenyewe. Vita vya Maji Maji vilipiganwa kwa vipande. Wamatumbi walianza kung'oa pamba mwezi Julai huko Nandete. Mahenge ikashambuliwa mwisho wa Agosti. Wangoni wakainuka Septemba, wakati waliotangulia wamekwisha kupigwa. Wajerumani walikuwa na simu ya waya katika baadhi ya njia zao, na askari wachache waliweza kuhamishwa kutoka moto mmoja kwenda mwingine. Mimi nisingebeba bunduki hata moja. Ningebeba redio za masafa marefu, zile ambazo hazihitaji setilaiti wala mnara, na paneli ndogo za jua za kuchaji betri zake: moja Ngarambe, moja Mahenge, moja kwa Wangoni. Wote wangeinuka siku moja, na Götzen asingejua apeleke wapi kikosi chake cha kwanza.

MTOA MADA

Hili ndilo pendekezo zito kuliko yote hadi sasa, na limenifanya nifikiri. Nina swali moja tu juu yake. Redio haichagui habari. Kinjikitile alinyongwa tarehe 4 Agosti, na siku 26 baadaye maji yalishindwa mbele ya macho ya maelfu pale Mahenge. Kama mtambo wako ungekuwapo Ungoni, habari hizo mbili zingefika kwa machifu wao kabla ya wao kuinuka. Yamkini wasingeinuka kabisa, na wale 67 walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906 wangekufa uzeeni, huku Wamatumbi wakiachwa peke yao. Wewe ndiye uliyeshika kipaza sauti, tarehe 31 Agosti asubuhi: unatangaza au unanyamaza?