Honda C50 ya marehemu babu: nianze na nini?

MjukuuMoshi: Wakuu, nina pikipiki ya Honda C50 ya zamani, ile ya volti 6. Imelala stoo miaka mingi. Injini inazunguka, ila nikipiga kiki sioni cheche kwenye plagi, na tanki limejaa kutu. Nataka niifufue mwenyewe hapa nyumbani.

FundiMzee: Pole kwa msiba, mwanangu. Rangi iache kwanza, tafuta cheche. Platini, vile vidude viwili vya kukata na kuunga umeme wa cheche, ziko nyuma ya magneto, lile gurudumu la sumaku kwenye injini. Ling'oe kwa puli yake, kile kifaa cha kulivutia nje, usiligonge nyundo hata kidogo! Zikilala muda mrefu platini hushika utando, umeme haupiti. Sugua kwa msasa laini, futa kwa petroli, uwazi kati yake zikiachana uwe milimita 0.3 hadi 0.4.

DadaGereji: Tanki lijaze siki, tumbukiza kipande cha mnyororo, tikisa, liache usiku kucha. Suuza kwa maji ya magadi, ulikaushe kabisa.

MjukuuMoshi: Shikamoo mzee. Asante dada. Na oili?

FundiMzee: Marahaba. Mwaga yote, weka ya pikipiki. Klachi yake inaoga oili hiyohiyo ya injini. Ya gari inaweza kuifanya iteleze. Ukipata cheche tuandikie, tuhamie kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa.