Kulala kambini na farasi karibu na Shimba Hills: tuchague wapi, na tujiandae vipi?

Mkaazi wa Mtwapa

Assalaam alaikum, na salamu kwa jamaa wote.

Tunafuga farasi wawili hapa Mtwapa, jike mmoja na dume aliyehasiwa, na kwa kawaida tunawapanda alfajiri ufukweni maji yanapokuwa yamekupwa. Mwanangu wa umri wa miaka 15 na binamu yake sasa wanataka safari ya kwenda mbali zaidi, walale nje na farasi siku mbili hivi, kama wanavyosikia watu wakifanya huko Laikipia. Nilifikiria Shimba Hills kwa sababu ni karibu, kuna vivuli na hewa ya kilimani ni baridi kuliko huku kwetu. Kila nikiuliza kuhusu kambi za upande ule, najibiwa habari za mahema na magari tu, wala hakuna anayetaja farasi.

Ninachotaka kujua ni mahali panapofaa, namna ya kuwafunga usiku, kiasi cha maji na chakula cha kubeba, na miezi iliyo bora. Mambo ya hema na mapishi tunayamudu, kwa hivyo naomba majibu yahusu farasi.

Daktari wa Mifugo, Kwale

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Wewe umeanza na njia ya kupanda, lakini kwa pwani yetu anayekuchagulia kambi ya farasi ni mdudu, kisha maji, na njia huja baadaye.

Shimba Hills yenyewe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na mifugo haingizwi ndani ya hifadhi, kwa hivyo hata ukienda utabaki pembezoni. Huko pembezoni, hasa kwenye vichaka na misitu ya mabondeni, kuna mbung'o wa aina zaidi ya moja, na farasi ni mnyama dhaifu sana mbele ya nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao. Homa humpanda na kushuka, damu hupungua, miguu na chini ya tumbo huvimba, naye hukonda ilhali anaendelea kula. Hili si jambo geni: misafara ya zamani iliyotoka Mombasa kwenda bara ilitegemea mabega ya wapagazi, na wajenzi wa reli walioanza kazi hapa mwaka 1896 walipoteza wanyama wengi wa mizigo kwa sababu ya mdudu huyu huyu. Ukipita Kwale utaona mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi imesimamishwa kando ya mashamba. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, basi popote mtakapokwenda msiwavishe farasi blanketi la buluu iliyokoza, wala msisimamishe hema la rangi hiyo kando yao. Na farasi akiugua, usikubali mtu wa duka la dawa amdunge dawa ya ng'ombe, kwani baadhi ya dawa ambazo ng'ombe huzistahimili humdhuru farasi vibaya.

La pili, nalo ndilo linalonitia hofu zaidi kwa watu wa kambi, ni ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao virusi vyake huenezwa na usubi, vile vidudu vidogo vinavyouma tangu magharibi hadi alfajiri. Nyumbani farasi wako hulala bandani saa hizo. Kambini watakuwa wazi usiku kucha. Punda na pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili kubwa, lakini farasi asiyechanjwa akipata ule wa mapafu, mara nyingi hafiki siku ya pili tangu povu litokee puani. Ikiwa wako hawajachanjwa, waahirishieni vijana safari. Chanjo yenyewe haifanyi kazi siku ile ile, huhitaji wiki kadhaa mwilini.

Usubi una udhaifu mmoja, nao ni kwamba hauwezi kuruka katika upepo. Hapo ndipo pwani yetu ina bahati. Nendeni baina ya mwisho wa Julai na Septemba, wakati kusi bado inavuma na mvua kubwa za masika zimekwisha, mkapige kambi kwenye mwinuko unaopigwa na upepo, mbali na kinamasi na mbali na zizi la ng'ombe, kwa kuwa usubi huzaliana kwenye udongo wenye maji na samadi. Wapakeni dawa ya kufukuza wadudu kabla ya magharibi. Kuna watakaokushauri ufukize majani ya mwarobaini usiku kucha chini ya pua za farasi. Mimi siafiki, kwa maana mapafu ya farasi hayapatani na moshi.

Saisi Mstaafu, Bamburi

Daktari amesema ya wadudu, nami nitasema ya kamba, kwa kuwa farasi wengi ninaowajua walioumia safarini waliumizwa na namna walivyofungwa.

Mwanangu, tafuta miti miwili imara iliyoachana hatua nane au kumi, ufunge kamba nene kati yake, juu kupita kichwa cha farasi, uivute mpaka ikazane kabisa. Kwenye kamba hiyo weka pete au vitanzi viwili visivyoteleza, kila farasi na chake, waachane kiasi cha kutofikiana kwa teke lakini waonane, maana farasi aliyetengwa na mwenzake atapiga kelele usiku mzima na kuchimba ardhi kwa kwato. Kamba inayoshuka hadi kwenye hatamu ya kichwani, isiyo na lijamu, ipime hivi: pua ifike karibu na nyasi zilizo chini, lakini kamba isilegee hata mguu ukaweza kupita ndani yake. Ikizidi shubiri mbili tu, farasi atajikuna sikio kwa mguu wa nyuma na kunasa, na hapo ndipo mifupa huvunjika. Fundo liwe la kufunguka kwa mvuto mmoja, na kila mmoja wa vijana alijue gizani. Kamwe usimfunge kwa lijamu, kile chuma cha kinywani, kwa sababu akishtuka na kurudi nyuma atauchana ulimi na kinywa chake.

Miti nayo ichague. Mnazi una kivuli kizuri, lakini nazi ikimwangukia farasi au mtoto hakuna atakayekuja kuuliza habari za kivuli. Mkanju una utomvu unaobabua ngozi, na farasi hujikuna kwenye kila kilicho karibu naye. Mwembe ni mti mwema nje ya msimu wake. Embe zikianza kuanguka, farasi huzila pamoja na kokwa. Maua ya oleanda, yanayopandwa kwa uzuri kwenye nyua nyingi za pwani, yasiwe karibu kabisa, kwa kuwa majani machache yanatosha kumuua.

Haya yote wayafanyie mazoezi uani kwenu kwanza, tena usiku. Farasi anayelala bandani maisha yake yote hajui kusimama kwenye kamba hadi asubuhi, na si haki akajifunze hilo porini.

Mpwani Ughaibuni

Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, ila kwa sasa naishi Colorado, Marekani, ambako kambi za farasi ni jambo la kawaida. Kwenye misitu ya serikali huku kuna viwanja vilivyotengwa mwanzoni mwa njia za kupanda, vyenye nafasi pana ya kugeuza gari la kubebea farasi, vizizi vya mabomba ya chuma, nguzo za kufungia, na mahali maalumu pa kumwaga samadi. Kamba ya juu aliyoieleza Mzee ndiyo hiyo hiyo inayotumika huku, isipokuwa mti huzungushiwa mkanda mpana kwanza ili kamba isikate gamba lake.

Kuna kanuni mbili za huku ambazo nadhani zingefaa kuigwa huko. Ya kwanza ni kwamba nyasi kavu zinazoingizwa kwenye misitu ya serikali lazima ziwe na cheti cha kutokuwa na mbegu za magugu, kwa sababu mbegu hupita tumboni mwa farasi na kuota kwenye samadi mahali ambapo hazikuwapo. Ya pili ni kwamba farasi hafungwi kando ya mto au ziwa. Sehemu nyingi hutaka angalau mita 30, na kambi nyingi huhimiza mita 60, ili mkojo na samadi visiingie majini. Tena farasi akivuka kutoka jimbo moja kwenda jingine, kwa kawaida huombwa cheti cha kipimo cha damu kiitwacho Coggins. Huko nyumbani, mwenye kumpakia farasi kwenye lori na aulizie kibali cha kusafirisha mifugo katika ofisi ya mifugo kabla ya siku ya safari.

Kuhusu uzio wa umeme wa kubebeka, wengi huku wanaupenda kuliko kamba kwa sababu farasi hutembea na kulala chini apendavyo.

Saisi Mstaafu, Bamburi

Uzio huo ni mzuri kwa farasi aliyefundishwa kuuheshimu. Fisi akilia upande wa pili, asiyeuzoea ataupitia kana kwamba ni utando wa buibui, na asubuhi mtamtafuta barabarani.

Bibie wa Vipingo

Kaka, mbona uvuke maji kutafuta kilicho mlangoni pako? Ukitoka Mtwapa kwenda kusini itakubidi ama upange foleni ya feri Likoni ukiwa na farasi juani ndani ya kenta, ama uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Ukielekea kaskazini hadi upande wa Vipingo, hakuna feri wala mji wa kupita katikati yake.

Huku kwenye mashamba ya mkonge kuna njia pana za matrekta zinazonyooka hadi upeo wa macho, ardhi imeinuka kidogo na upepo wa bahari unafika. Ni ardhi ya watu, kwa hivyo ruhusa iombwe kwa maandishi kwenye ofisi ya shamba, na pa kulala muafikiane na mwenye boma la jirani, mumlipe, mumwachie na samadi, kwa maana wakulima wataifurahia. Waambie vijana wasikatishe kati ya safu za mkonge. Ncha ya jani lake ni mwiba mgumu ulio kwenye urefu wa jicho na goti la farasi.

Mkitaka kushuka baharini, tazameni kwanza jedwali la maji. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu, na kuna sehemu ambako maji yakijaa hufika ukutani na ufukwe hutoweka kabisa, mkabaki na farasi baina ya mwamba na mawimbi. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, ni salama zaidi kwa wageni. Wakitoka mchangani, kwato zikaguliwe moja moja, kwani vipande vya matumbawe hukwama kando ya ile sehemu laini ya katikati.

Na maji ya kunywa msiyategemee huku. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na farasi asiyeyazoea atayanusa, ageuze kichwa, akae na kiu.

Mkaazi wa Mtwapa

Shukrani nyingi sana kwenu nyote. Shimba Hills nimeiacha. Farasi wamechanjwa na tarehe ninazo, kwa hivyo tutalenga mwezi wa Agosti, upande wa Vipingo, na kuanzia wiki hii kamba itafungwa uani baina ya miarobaini miwili. Daktari, bado sijajua kiasi cha maji na chakula. Farasi mmoja ana takriban kilo 400. Na je, mahindi ya punje yanafaa kuwapa nguvu, kwa kuwa ni rahisi kubeba?

Daktari wa Mifugo, Kwale

Kwa uzito huo, hesabu kilo nane hadi kumi za nyasi kavu kwa kila farasi kwa siku, zigawanywe mara nyingi, tena wingi wake usiku, kwa kuwa tumbo la farasi ni dogo na halikuumbwa kukaa tupu. Maji yawe si chini ya lita 40 kwa kila mmoja kwa siku, na kwa joto letu baada ya kupandwa huenda akahitaji 50 au zaidi. Maana yake ni mitungi mitano ya lita 20 kwa siku kwa farasi wote wawili, bila kuhesabu ya kuwaogesha. Chukueni maji ya nyumbani waliyoyazoea, na donge la chumvi la kulamba.

Mahindi ningewashauri muyaache. Mahindi yaliyoota ukungu, hata ule usioonekana vizuri kwa macho, yanaweza kuwa na sumu iitwayo fumonisini, ambayo huozesha ubongo wa farasi. Ng'ombe atakula gunia hilo hilo asidhurike, ndiyo maana wauzaji huliona ni chakula cha mifugo cha kawaida. Unyevu wa pwani huharakisha ukungu, na gunia lililolala kwenye lori chini ya turubai ndilo la kuogopwa zaidi.

Jambo jingine ni jasho. Baadhi ya farasi, hasa walioletwa kutoka bara kwenye baridi, huacha kutoa jasho wakikaa kwenye joto lenye unyevu. Mkimpanda nusu saa juani na shingo yake ikabaki kavu huku akihema kwa kasi, huyo abaki nyumbani.

Mfundishe mwanao kupima mapigo kwenye mshipa ulio chini ya taya, ahesabu kwa sekunde 15 kisha azidishe mara nne. Farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika, na joto lake ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5. Wapime asubuhi kabla ya kutandikwa na jioni baada ya kupumzika. Mapigo yakipita 60 akiwa amesimama tu, na hasa ikiwa anatazama ubavu wake na hajatoa samadi, mwondoleeni chakula, mtembezeni polepole, na mpigieni daktari wenu simu wakati huo huo badala ya kungoja kupambazuke.