4,294,967,297 ni namba tasa au la?

witiri7: Wakuu, nina 4,294,967,297, yaani 2^32 + 1. Haigawanyiki kwa 3, 5, 7, 11 wala 13. Kipeuo chake cha pili ni kama 65,536. Nijaribu namba tasa zote hadi huko, au kuna njia ya mkato? Halafu programu niliyoandika inasema namba yenyewe ni 1!

baki_sifuri: Si tasa. Mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa, mwenzake Euler akaipasua mwaka 1732. Euler alionyesha kwamba kigawo tasa chake chochote kina umbo la 64k + 1, k ikiwa namba nzima. Baadaye mwanahisabati Lucas akabana zaidi, ikawa 128k + 1. Basi anza: 129, 257, 385, 513, 641. 129 na 513 zinagawanyika kwa 3, 385 kwa 5, tupa. 257 nayo haikawii: 2^8 ni 256, pungufu ya 257 kwa moja, sawa na baki −1. Ipandishe kwenye kipeo cha 4 upate 1, ongeza 1, baki 2. Imetoka.

Imebaki 641, na hapa karatasi inatosha:

2^16 = 65,536. Toa 641 × 102 = 65,382, baki 154.
154 × 154 = 23,716, wakati 641 × 37 = 23,717.

Imepungua moja tu, kwa hiyo 2^32 ina baki −1. Ongeza ile 1, unapata sifuri. Jibu: 641 × 6,700,417.

witiri7: Safi sana mkuu. Na 6,700,417 yenyewe?

baki_sifuri: Hiyo ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na vigawo vyake ni vigawo vya ile kubwa, kwa hiyo 128k + 1 bado inatawala. Kuanzia 641, tasa za umbo hilo ni 641, 769, 1,153 na 1,409 basi. Ukigawa, mabaki ni 44, 120, 334 na 622.

fundi_biti: Kuhusu ile 1: namba nzima ya biti 32 isiyo na alama hubeba mwisho 4,294,967,295. 2^32 inarudi 0, ukiongeza 1 unaona 1. Hamia biti 64, ila usilale. Ukipima kwa mabaki, utakutana na baki 2^32. Ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe unapata 2^64, ambayo nayo inazidi biti 64 kwa moja na kurudi 0. Tumia biti 128, au Python, ambayo haina kikomo hicho.

Na kipimo cha Fermat (ukiita namba yako N, pandisha msingi kwenye kipeo cha N − 1 kisha gawa kwa N; N ikiwa tasa, baki ni 1) usikifanye kwa msingi 2. Kwa kuwa 2^32 ina baki −1, 2^64 ina baki 1, na N − 1 ni kigawe cha 64, kwa hiyo kitakudanganya kwamba namba ni tasa. Weka msingi 3, itaumbuka papo hapo.