TM.30 ya Mama, na ile nyumba ya msaji pale Asok, Bangkok

Mwanaidi (On Nut):
Jamani, za asubuhi. Jana nimempeleka Mama Uhamiaji kuongeza siku 30 za viza. Fomu ya maombi, TM.7, nimejaza, picha ninazo, baht 1,900 ninazo. Dada wa dirishani kaangalia kompyuta yake: TM.30 ya Mama, ile taarifa kwamba mgeni anakaa hapo, haipo. Mwenye nyumba wangu anaapa aliituma mtandaoni siku Mama alipofika, ila risiti hana. Viza inaisha Ijumaa. Nikirudi na nakala ya kitabu cha buluu, kile cha usajili wa nyumba, na mkataba wa pango, watanipokea?

Tulitoka pale hata chai hatujanywa. Nikaona nisimrudishe nyumbani na donge, nikampitisha kwenye ile nyumba ya mbao, Kamthieng. Kufika tu, kapapasa nguzo, kasema kwa sauti ya sokoni: "Huu si msaji huu? Wametoa Longuza, kwetu Muheza?"

Baraka (Nonthaburi):
Pole dada. Mimi 2019 walinirudisha mara tatu kwa TM.30 hiyohiyo. Mwenye nyumba yuko msibani, simu hapokei. Mara ya nne nikaangukia dirisha la mama mmoja mwenye miwani, dakika kumi nimemaliza, karatasi zilezile! Hiyo nyumba naijua, ya yule Mmarekani wa hariri. Mfereji wake unanuka.

Mzee Salim:
Baraka, soma kwanza ndipo ujibu. Ya Jim Thompson, huyo Mmarekani wako, iko kando ya mfereji wa Saen Saep, ni nyumba kuukuu kadhaa alizoziunganisha, akahamia 1959, akapotelea Malaysia 1967. Kamthieng ni nyumba ya Lanna, kaskazini mwa Thailand. Ilijengwa 1848 kando ya mto Ping, Chiang Mai, na miaka ya 1960 ikafumuliwa, ikaletwa Bangkok na kusimamishwa upya kwenye kiwanja cha Siam Society, chama cha historia na utamaduni. Hapo hakuna tajiri wa kigeni. Ni maisha ya wenyeji wa kaskazini, jiko lao, ghala lao la mpunga.

Mwanaidi, mlitazama kuta? Zinalalia nje kadiri zinavyopanda. Nyumba za Wathai wa kati zinalalia ndani. Na juu ya mlango wa chumba cha ndani pana ubao wa nakshi, *hamyon*. Ni kinga. Huko ndani ni kwa wenyewe na mizimu ya ukoo, na ukoo wenyewe unafuata kuukeni.

Neema (Chiang Mai):
Shikamoo Mzee Salim. Kizingiti msikikanyage, mimi nimeshakaripiwa. Jumatatu msiende, wamefunga. Na dada Mwanaidi, TM.30 si kazi yako, ni ya mwenye nyumba, ndani ya saa 24.

Mwanaidi:
Neema mdogo wangu, najua ni ya mwenye nyumba. Nimeandika hivyohivyo juu. Ninachouliza ni kitabu cha buluu.

Mzee, kuta sikuziona, nilikuwa namchunga Mama. Aligoma kupanda ngazi mpaka avue viatu na kunawa miguu. Kisha akarudi chini, akakaa kwenye kivuli cha sakafu pale penye uwazi katikati ya nguzo, akasema hapa ndipo angeweka mkeka, kuku wapite. Nusu saa nzima hakutaka kuondoka.

Baraka:
Wenzetu wanasafirisha nyumba nzima kutoka Chiang Mai isipotee. Sisi Beit el Ajaib, lile jumba la Unguja, sehemu yake imeporomoka 2020 tunaitazama.

Mzee Salim:
Usilinganishe mbao na mawe. Na pale watu walikufa, si jambo la kufanyia mzaha.

Baraka:
Nani kafanya mzaha, mzee wangu? Nimezaliwa Malindi ya Unguja, naijua kabla yako.

Mwanaidi:
Kesho ni Alhamisi. Kitabu cha buluu, kuna aliyewahi?

Neema:
Dada, msalimie sana Mama, mwambie shikamoo yake. Muheza ya upande gani? Bibi yangu alilima iliki Amani, na hiyo misaji ya Longuza tulikuwa tunaipita kwa miguu.